Kapu Lililomsahau Mtoto wa Kitanda cha Nne

"Usisuke kapu na mzigo hujauuliza."

Bi. Lugano aliyasema hayo akiwa amesimama nyuma ya kiti cha Ambakisye, na vijana wote wanne waliokuwa wakijifunza uandishi wa programu wakacheka. Ambakisye alikuwa akiandika programu ya kupokea vipimo vya vituo vya mvua. Kila kipimo asichokitambua alikitupia kwenye orodha moja aliyoiita "mengineyo".

"Sasa Bibi, kapu na kompyuta wapi na wapi?" Ambakisye aliuliza. "Huo si msemo wa wauza ndizi?"

"Ungekuwa wa wauza ndizi nisingekusumbua nao. Msemo huu ulizaliwa kwenye wodi ya watoto njiti. Sogezeni viti."

Chanzo chake, alisema, ni hiki.

Upande wa Tukuyu kulikuwa na hospitali ndogo, na humo alifanya kazi binti mmoja, Atuganile, mwandishi wa programu. Wodi ya njiti ilikuwa na watoto kumi na mmoja na muuguzi mmoja kwa zamu. Atuganile aliwaandikia programu iliyokusanya vipimo vya watoto wote na kuvipanga kwenye kioo kimoja cha kompyuta mezani pa muuguzi. Mtoto aliye hatarini zaidi alikaa juu kabisa, na aliye salama alikaa chini. Wauguzi waliipenda. Walizoea kutupa jicho juu ya kioo, wakiona pako shwari wanaendelea na kazi.

Ndani ya programu ile Atuganile alikuwa ameandaa orodha tatu, moja ya joto, moja ya uzito, moja ya maziwa. Alijua kwamba siku moja vitakuja vipimo vingine. Alijua pia kuwa iko njia ya kuifanya programu, ikiwa tayari inafanya kazi, ikiulize kila kipimo aina yake na kukitengenezea orodha yake papo hapo. Njia hiyo aliiogopa. Makosa yake huyaoni unapoandika. Huyaona programu ikiwa mbioni, mbele za watu. Kwa hiyo akaweka orodha ya nne, kapu la mengineyo, iliyogeuza kila kitu kuwa maandishi, maana maandishi hayakatai kitu.

Jumatatu moja ya mvua vililetwa vifaa vipya vya kufunga kwenye nyayo za watoto ili kuhesabu mapigo ya moyo. Vilikuwa vidogo, havina hata kengele. Vikawashwa, na namba zikajipanga kwenye kioo: 128, 136, 141, 150. Kila mtu akafurahi.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, Atuganile alikuwa wodini akimtazama mtoto wa mdogo wake, aliyelala kitanda cha saba, akiwa na umri wa siku tano na bado hajapewa jina. Akamsikia Sista Subilaga, muuguzi wa zamu, akiita kwa sauti ya chini, ile sauti ya mtu asiyetaka kuwatisha kina mama.

"Kitanda cha nne. Amebadilika rangi."

Sista alikuwa amepita pale kubadilisha nepi tu. Akamsugua mtoto mgongo, akamwekea oksijeni, na baada ya muda uliokuwa mrefu kama msiba, mtoto akalia.

Atuganile alikimbilia kioo. Juu kabisa palikuwa na mtoto mwenye 128, mzima kabisa. Akashusha macho hadi mwisho. Chini ya wote, mahali pa aliye salama kuliko wote, paliandikwa: kitanda cha nne, 84.

Alielewa mara moja. Kapu lake lilizipanga namba kama kamusi inavyopanga maneno, kwa herufi ya kwanza. Moja ilitangulia, nane ikafuata nyuma. Na mtoto mchanga mwenye afya moyo wake hupiga zaidi ya mia, kwa hiyo wazima wote walianza na moja. Aliyekuwa akifa ndiye pekee aliyeporomoka chini. Kapu halikuwa limeharibika hata kidogo. Lilifanya kama lilivyosukwa.

"Sista, usikiamini kioo," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamtisha. "Kinasema uongo tangu juzi."

Sista Subilaga hakugomba. "Basi mimi nitawashika mmoja mmoja. Wewe tengeneza. Mikono yangu ni miwili, mwanangu, na watoto ni kumi na mmoja."

Atuganile akaketi. Alikosea nywila mara mbili. Akalifuta kapu la mengineyo, akaiandika ile njia aliyoikimbia. Akaiwasha. Kioo kikawa cheusi.

"Imekuwaje?" Sista aliuliza akiwa ameinama kitanda cha pili, vidole viwili kifuani mwa mtoto.

"Nimetanguliza mstari. Nimetengeneza orodha kwanza, ndipo nikakiuliza kipimo ni cha aina gani."

"Ah! Marehemu mama yangu alisuka matenga miaka arobaini. Mteja akija, kabla hajagusa mwanzi anamwuliza, unabeba ndizi au kuku? Tenga la kuku lazima liwe na matundu ya kupumulia." Akahamia kitanda cha tatu. "Usisuke kapu na mzigo hujauuliza, binti. Haraka!"

Atuganile akabadilisha mistari ile miwili. Kwanza kiulize. Kisha suka. Akaiwasha tena, akafumba macho kama mtu anayesubiri kupigwa.

Alipoyafumbua, namba zilikuwa zimejipanga kama namba. Juu kabisa, peke yake, palikuwa na kitanda cha saba. 79.

"Sista! Saba! Saba!"

Sista alikuwa kwenye kitanda cha tatu. Kwa zamu ya mikono yake angefika cha saba baada ya vingine vitatu. Aliruka.

Bi. Lugano alikomea hapo.

"Bibi," Ambakisye alisema polepole, "yule mtoto...?"

"Yuko darasa la tatu. Mtundu huyo! Wiki iliyopita kavunja dirisha la mwalimu kwa mpira." Akatabasamu, lakini macho yalikuwa yamelowa. "Mama yake alimpa jina la Subilaga, na mvulana analalamika kwamba ni jina la kike. Atuganile yeye alichapa maneno ya yule sista, akayabandika juu ya meza yake. Waliokuja baada yake wakayachukua, mpaka yamefika hapa."

Ambakisye aligeukia kompyuta yake, akaitafuta orodha aliyoiita mengineyo, akaifuta. Mahali pake akaandika mstari wa kwanza, ule wa kuuliza. Mwenzake aliyekaa kushoto akachungulia, kisha naye akafungua ya kwake kimyakimya.

"Usisuke kapu," Bi. Lugano alisema, na safari hii vijana walimalizia pamoja naye bila hata mmoja kucheka, "na mzigo hujauuliza."