Jiwe la Mchuuzi na Pete ya Nanyama

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wahenga walimaanisha kwamba kitu chema hukaa kimya na wenye macho hukifuata, lakini kitu duni huzunguka mlango kwa mlango kikijisifu.

Mwaka wa 1978, Kisumu Ndogo mtaani Kibera, aliishi mjane aliyeitwa Filister. Cherehani yake ndiyo iliyokuwa shamba lake. Alishona sare za shule tangu macheo hadi machweo. Hamu yake kuu ilikuwa kujenga nyumba kwao Homa Bay, kwani ile aliyoiacha marehemu mumewe ilikuwa imeanguka.

Siku moja alimjia mchuuzi aliyevaa suti ya kijivu. Kwa siku tatu mtu huyo alikuwa ameizunguka Sarang'ombe nzima, sehemu ile ya Kibera, akibisha kila mlango. Alikunjua leso, na ndani yake jiwe likametameta kama umande juani.

"Hii ni almasi ya mgodi wa Mwadui, Tanzania, mama," alisema. "Nina msiba nyumbani, ndiyo maana ninaitoa kwa cherehani yako tu. Ukiiuza mjini, utajenga nyumba mbili."

Akachukua kipande cha kioo, akakikwaruza kwa jiwe lile. Mstari mweupe ukabaki. Filister hakuhitaji ushahidi mwingine. Alianza kuifunga cherehani kwa shuka.

Jirani yake Nanyama, aliyefua nguo za watu, alikuwa amesimama mlangoni. "Ngoja kwanza, Filister," alisema. "Kawangware kuna fundi wa saa, Shivachi. Zamani alifanya kazi kwa sonara. Aitazame kwanza."

"Twendeni," mchuuzi akajibu huku akitabasamu. Hila yake ya kioo ilikuwa imewadanganya mafundi wengi.

Walitembea hadi Kawangware, pale kituo cha basi cha 56. Kibanda cha Shivachi hakikuwa na kibao wala rangi, lakini watu watatu walikuwa wakingoja zamu yao. Zamu yao ilipofika, mchuuzi akakwaruza kioo tena kwa mbwembwe.

"Hata jiwe la mtoni, hata chupa yenye ncha, hukwaruza kioo," Shivachi alisema taratibu. Akalipulizia pumzi jiwe lile. Ukungu ukalifunika, ukakaa. Akatazama kwa lenzi yake. "Almasi huufukuza ukungu mara moja; hili limeushika, kingo zimelika, na ndani kuna kiputo cha hewa. Hii ni chupa iliyochongwa vizuri, mama."

Mchuuzi akasema anakwenda kununua sigara. Hakurudi.

Filister aliketi juu ya debe. Shivachi alipokuwa akimpa maji, jicho lake likatua kwenye kidole cha Nanyama.

"Hiyo pete umeipata wapi?"

"Hii? Nilimuuguza bibi mmoja mzee, akanivisha kabla ya kufariki. Nafulia nayo mwaka wa kumi na moja sasa. Watu hunicheka eti nimevaa kipande cha chupa."

Shivachi aliisafisha kwa spiriti, utando wa sabuni ukatoka. Akapuliza. Ukungu ulitoweka kabla hajaondoa mdomo. Akaichunguza kwa lenzi kwa muda mrefu.

"Miaka kumi na moja ya kufua, na kingo bado ni kali kama wembe," alisema. "Dada, hii ndiyo almasi."

Nanyama aliitazama pete mkononi mwa fundi. Kisha akasema polepole, "Fundi, ungeniambia ni chupa, ningekuachia bure."

"Najua," Shivachi akajibu, akamrudishia pete mkononi.

Machozi yakamtoka Nanyama. Hakulilia utajiri; alimlilia yule bibi, ambaye yeye Nanyama hakuwahi kumshukuru kwa zawadi ya thamani kiasi hicho. Jumapili iliyofuata alipeleka shada la maua kaburini kwake. Pete alikataa kuiuza.

Filister naye alirudi kwenye cherehani yake akaipangusa kama mtoto aliyeponea ajalini. Kazi ya kwanza aliyoishona ilikuwa koti la kazi la Shivachi, lenye mifuko minne ya vifaa vyake. Alimpelekea mwenyewe, kwa miguu. Nyumba ya Homa Bay aliijenga miaka sita baadaye, kwa sare za shule, na kila aliyeharibikiwa na saa Kisumu Ndogo alimwelekeza kwenye kibanda kile kisicho na kibao.

Mchuuzi wa suti ya kijivu alitembea mtaa mzima akiipigia debe chupa yake. Pete ya Nanyama na ukweli wa Shivachi havikumbishia mtu mlango. Hakika, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.