Kidole cha Sultani Haidari

Hapo zamani, wafalme walipokuwa wengi kuliko vioo, alitawala Sultani Haidari, naye alitaka picha yake itundikwe barazani ili wajumbe wa nchi jirani wakiingia watetemeke. Sharti lake lilikuwa moja: ndani ya picha hiyo kisiwepo kitu cha kumshinda kwa ukubwa.

Mchoraji wa kwanza akamchora na simba miguuni. Sultani akaona simba ana kifua kipana kuliko chake. Mchoraji akatiwa gerezani. Wa pili, Faki, akachora jua nyuma ya kilemba. Jua likaonekana limempita Sultani kwa kimo, basi Faki naye akamfuata mwenziwe.

Faki alikuwa na kaka yake, Shekue, mpaka chokaa wa kuta za watu, fukara asiye na kitu ila brashi na ulimi. Habari ile ilimkata maini. Akajipeleka mwenyewe ikulu.

"Maulana, mimi nitakuchora. Nikiweza, nipe ndugu yangu na mwenziwe."

"Na ukishindwa?"

"Utakuwa na watatu."

Sultani akacheka, akampa kitambaa kipana kama mlango na siku saba. Siku ya saba baraza likajaa, pazia likavutwa. Kitambaa kizima kilijaa kitu kimoja cha mviringo, cheusi-chekundu, kinang'aa juu kama sahani.

Waziri akauliza, "Hili ni kuba?"

"Ni kidole gumba cha mguu wa Maulana," akajibu Shekue. "Mguu wa kulia."

"Na mimi mwenyewe niko wapi?" Sultani akanguruma.

"Maulana, uliamuru uwe mkubwa kuliko vyote. Nikaanzia chini, kitambaa kikaisha. Nikipewa kingine cha kutoka hapa hadi milimani, huenda nikafika gotini."

Sultani akapendezwa, akainama kutazama. "Na vidoa hivi chini ya ukucha?"

"Ni raia zako."

"Mbona hawana nyuso?"

Shekue akajua hapo hapakuwa tena na mzaha. Akasema, "Kwa ukubwa wako huo, Maulana, nyuso zao ungezionaje?"

Sultani akavitazama vile vidoa kimoja kimoja, muda mrefu. Kisha akasema taratibu, "Wafungueni wale wawili. Nawe Shekue, nichore upya, kwa kimo changu."

"Basi shuka, Maulana. Ukiwa juu ya kiti hicho, kimo chako sikijui."

Sultani akashuka, akasimama sakafuni katikati ya watu wake. Loo! Kilemba chake kilimfikia Waziri begani. Watu wakauma midomo, wakatazama dari, hadi Sultani mwenyewe alipojipima kwa kiganja kwenye bega la Waziri, akaangua kicheko, na baraza zima likacheka pamoja naye.