Mbebaji Aliyebebwa

Huko milimani, ambako gari halifiki, aliishi mwanamume mmoja aliyejulikana kwa mabega yake. Mgonjwa akizidiwa, yeye ndiye aliyeitwa kwanza. Miti miwili, blanketi, watu wanne: machela tayari, naye hushika mbele, upande wa bonde, mahali pagumu kuliko pote. Alibeba wajawazito, alibeba vikongwe, na kwa kila mmoja alisema neno lile lile: "Wewe kazi yako kulala. Njia tuachie sisi."

Asubuhi moja akipalilia maharage, nyoka aina ya kifutu akamuuma juu ya kisigino. Mkewe akapiga simu kituo cha afya, kule bondeni. Muuguzi akajibu kwa mkato: "Dawa ipo, mleteni haraka. Ila asikanyage chini, wala asihangaike. Akijitahidi, sumu nayo inatembea."

Wakaja vijana watatu na mtani wake, mtu mwembamba, mfupi. Huyo mtani hakuuliza. Akaenda moja kwa moja kushika mbele, upande wa bonde.

"Huyu?" mgonjwa akalalamika. "Huyu ataniua!"

"Umeshakufa, marehemu," mtani akasema. Si mnajua watani ndio wanaotuzika? "Mimi nazika tu. Panda."

Akapanda. Je, mnadhani alilala? Alilalaje, mtu aliyeijua kila kona ya njia ile? "Kulia! Jiwe hilo! Badilisheni bega!" Akawa anajiinua kwa viwiko ili apunguze uzito wake, kana kwamba mtu anaweza kuwa mwepesi kwa kukaza misuli. Akatoka jasho kuliko waliombeba. Maumivu, yaliyokuwa kwenye kifundo, yakapanda mpaka gotini.

Walipofika kwenye mteremko mkali akasema, "Nishusheni. Hapa nitatembea mwenyewe."

"Marehemu hatembei," akajibiwa.

Basi akanyoosha mkono, akashika tawi kando ya njia, akang'ang'ania. Machela ikayumba. Mtani akaanguka goti moja kwenye mawe, lakini mti haukutoka begani mwake.

"Umeshika nini wewe?"

"Nawasaidia!"

"Unatusaidia kuanguka!" Mtani alikuwa anahema. "Hebu niambie. Mama yangu ulimteremsha njia hii hii. Yeye alikusaidia nini?"

Mgonjwa akafikiri. "Hakunisaidia kitu. Alilala usingizi." Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mkweli, akaongeza: "Alikoroma."

Wakacheka hadi blanketi likatikisika. "Basi," mtani akasema, "mama alikoroma, na alifika."

Mwanamume akautazama mkono wake ulioshika tawi. Alikuwa amebeba watu maisha yake yote, na hakuna mzigo uliowahi kuwa mzito kama kufungua vidole vile. Akavifungua. Akaegemeza kichwa. Na ndipo, kwa mara ya kwanza katika njia aliyoipita akiwa ameinamia mawe, akaona mbingu: pana, buluu, ndege wakikatiza. Vijana wakaanza wimbo wa machela, naye akauitikia kwa sauti ya chini, akiwa amelala chali.

"Jamani, marehemu anaimba!" mtani akapiga kelele, na mteremko wote ukajaa vicheko.

Akafika. Akapata dawa. Akapona.

Mtani alipokuja kumwona na kumletea ndizi, fulana yake ilikuwa imegandia begani. Ngozi pale ilikuwa imechunika. Mgonjwa akashtuka. "Bega lako!"

"Siku ile lilikuwa lako," mtani akasema. "Kula ndizi zako."

Ndugu zangu, Paulo anawaandikia Warumi kwamba mtu asiyefanya kazi, ila anamwamini Yeye anayempa haki asiyestahili, imani yake inahesabiwa kuwa haki. Sisi tukisoma hapo tunakunja uso. Asiyefanya kazi? Sisi, wanakwaya, wazee wa kanisa, akina mama wa kufagia madhabahu? Sisi tuliozoea kubeba wengine? Tunapanda machela ya Kristo halafu tunajiinua kwa viwiko, tunamwelekeza njia, tunamwomba atushushe kwenye mteremko ili tumwonyeshe tunavyoweza. Na sumu inapanda.

Kuamini si kukaza misuli. Kuamini ni kumwachia uzito wako wote aliyekwisha kuinama na kukubeba. Kazi zipo, tena nyingi. Yule bwana alipopona alirudi kubeba watu, safari hii akiimba. Lakini hakubeba ili apone.

Bega lililochunika lipo. Lilichunika kwa ajili yetu, na halikuuacha mti.

Basi nikuulize wewe uliyekaa hapo, umechoka, unatoka jasho kuliko anayekubeba: umeshika tawi gani?

Liachie. Tazama juu. Wenzako wameshaanza wimbo.