Mafundo Saba Ukutani

Wapendwa katika Bwana, Jumapili iliyopita mmoja wenu alinisimamisha mlangoni akaniuliza kama Mkristo amefungwa na zaka, au ameachwa huru atoe kadiri apendavyo. Sikumjibu siku ile. Nilikwenda na swali hilo nyumbani, nikapiga nalo magoti, na leo nimerudi na habari za mkulima mmoja.

Mkulima huyo alikuwa na shamba la migomba mlimani, na kwa habari ya utoaji alikuwa mwaminifu kuliko wengi wetu tulioketi hapa. Kila alipokata mikungu tisa, wa kumi aliutenga. Ukiwa mnono, hakuuonea choyo. Ukiwa mwembamba, hakuuficha katikati ya mingine. Alichukua ganda kavu la mgomba, akalisokota likawa kamba, akalizungusha mara mbili kwenye mkonyo, kisha akafunga fundo na kuficha ncha yake ndani ili mbebaji asichubuke bega. Ndivyo alivyofundishwa na baba yake tangu utotoni.

Baba huyo alikuwa hai. Aliishi peke yake ng'ambo ya kijito, umbali ambao chai ikibebwa haipoi njiani. Hapakuwa na ugomvi kati yao. Ila tangu walipomzika mama, mwana hakuvuka kijito. Mkewe alipomuuliza, alimjibu kwamba fungu la kumi ameshalitoa, na mtu aliyemaliza na Mungu hadaiwi na mwanadamu.

Mnaijua desturi yetu ya sikukuu ya mavuno: ibada ikiisha, mazao yaliyoletwa madhabahuni hunadiwa uwanjani, na fedha huingia katika kazi ya Bwana. Kila mwaka mzee yule alikuja na sarafu alizopata kwa kuuza mayai, akangoja mpaka mkungu wa mwanawe unyanyuliwe, akaununua. Watu walidhani anajivunia mtoto wake. Mtoto mwenyewe alidhani hivyo hivyo.

Mwaka wa nane tangu msiba, kideri kilipita na kuku wa mzee wakafa wote. Akaja uwanjani mifuko mitupu. Mkungu uliponyanyuliwa, mama mmoja mwenye mgahawa akataja bei, kisha akaipandisha mwenyewe kabla mwingine hajasema, ili amalize shauri. Mzee akavua koti lake akaliweka mezani. Mzee wa kanisa aliyekuwa akinadi akalinyanyua kwa vidole viwili, akasema, "Mzee wangu, koti hili lilibatizwa kabla yangu."

Watu wakacheka. Mzee hakucheka. Alisimama na shati jepesi katika baridi ya mlimani, mkono mmoja ameushika mkungu kana kwamba utakimbia.

Mwana akapenya katikati ya watu, akamvuta baba yake kando, uso umemwiva kwa haya.

"Baba, unaniaibisha. Watu watasema nakunyima ndizi."

"Ndizi ninazo. Hata hizi zako sizili, huwagawia majirani."

"Sasa koti la nini?"

Mzee akaligusa fundo kwenye mkonyo. "La hili. Tangu mama yako alale, hiki ndicho kitu pekee cha mkono wako kinachofika nyumbani kwangu. Ninayo saba, nimeyatundika kwenye msumari ukutani. Asubuhi nikiyashika, najua hujasahau kuficha ncha."

Niambieni, ninyi mliozaa na kulea: ungesikia neno hilo, ungesimama wapi? Ungeweka wapi macho yako?

Mwana aliinamisha kichwa. Lakini alikuwa mtu wa kutengeneza mambo upesi, kama sisi, akasema, "Basi, Baba, nimekosa. Kuanzia mwezi huu nitakuletea na wewe fungu la kumi."

Mzee akatikisa kichwa. "Ukilileta, mwanangu, utaliweka mlangoni, utageuka, utakwenda zako ukijua umemaliza. Usilete kitu. Njoo ukae."

Naona wengine wenu mmeanza kutabasamu, mnasema moyoni: kumbe zaka haina maana, tuko huru. Ngojeni. Sijawaambia kwamba mzee yule alikuwa na mwana wa pili. Huyo hakuhesabu mikungu kamwe. Alisema upendo haupimwi kwa kumi, naye angetoa siku moyo wake utakapomsukuma. Mnajua mafundo yake yalikuwa mangapi ukutani? Hakuna hata moja. Kaka yake alileta fundo bila uso. Yeye hakuleta uso wala fundo, akauita huo uhuru.

Ndugu yangu uliyenisimamisha mlangoni, nisikie bila kuchukizwa. Bwana wetu hakuwakemea Mafarisayo kwa kupima zaka ya mnanaa wao. Aliwakemea kwa sababu walipokwisha kuupima waliiacha rehema. Na Paulo alipowaita Wakorintho watoe kwa moyo mkunjufu, hakuwa akiwapunguzia, alikuwa akiwaomba zaidi ya kumi: aliomba moyo. Sisi tunauliza, "Ni kiasi gani?" kwa sababu tunatafuta mahali pa kumalizia. Je, umewahi kumpenda mtu, ukamuuliza ni wapi unaruhusiwa kuishia?

Mungu hana njaa ya ndizi zetu. Ng'ombe wa milima elfu ni wake. Lakini ninawaambia, anatutamani sisi wenyewe. Anayashika yale machache tuliyomfungia, anayageuza mkononi, anatafuta humo alama ya mtoto aliyemfundisha mwenyewe. Naye katika Mwanawe alivuliwa vazi lake mbele ya watu waliocheka, nje ya mji, wala hakulidai.

Kapu litapita sasa. Weka fungu la kumi, nawe uliyejaliwa, vuka kumi bila kuhesabu. Usiuache ukuta wa Bwana bila fundo lako. Lakini ukisha kuliweka, ndugu yangu, dada yangu, usigeuke kwenda zako. Njoo ukae. Baba bado amesimama uwanjani bila koti, na anaangalia njia ya kijito.