Saa ya Kiboko na Eda ya Bi Pimbi

Zamani hizo za kale, wanangu, siku ya Jumatano, tarehe tano ya mwezi wa Mfungo Nne, saa tatu na robo asubuhi, Mzee Pimbi aliiaga dunia. Toka saa hiyo mambo ya mji wa Majabalini yakabadilika.

Yeye ndiye aliyezifunza kompyuta za mji ule. Kila nyumba ilikuwa na yake, na waya ulipita nyumba hadi nyumba. Hapakuwa na kompyuta sultani. Kila baada ya muda ziliulizana kama majirani: ti! ti! ti! "Kwako saa ngapi?" "Na kwako?" Zikajumlisha, zikagawanya, zikashika saa moja. Saa hiyo ndiyo iliyofungua lango la chemchemi, maji yakaenda kwenye mfereji wa mwenye zamu. Saa nne Bi Pimbi, saa tano Kiboko.

Bi Pimbi, mjane wake, akakaa eda. Miezi minne na siku kumi hatoki nje.

Kiboko akasema moyoni, "Mwenye akili kazikwa, mjane kafungiwa. Nani ataniona?" Ikikaribia zamu yake, aliisukuma saa yake mbele kidogo, na saa za wenzake zikavutwa. Maji yakishaingia kwake, aliirudisha nyuma. Zamu yake ikarefuka, ya Bi Pimbi ikafupika.

Siku ya tisa watoto wanne wa Bi Pimbi walilala na kiu.

"Dada," akanong'ona Bi Nungunungu, jirani yake, "ni Kiboko. Nimemwona akichezea saa."

"Kwa nini hamkumwambia?"

"Nani amwambie? Umeuona mdomo ule?"

Bi Pimbi akavuta uradi wake, punje kwa punje, akifikiri. "Basi mwambie aje kunihani. Hajanihani bado."

Alasiri ile, pu! pu! pu! Kiboko akasimama nje ya dirisha. Pazia lilikuwa limeshushwa.

"Shemeji, pole na msiba."

"Tumeshapoa, shemeji. Tumshukuru Mungu saa za mji zinapotea dakika chache tu. Marehemu alikuwa na hofu moja kubwa."

"Hofu ya nini?"

"Asije mwenye nguvu akaivuta saa yake saa mbili nzima kwa mara moja."

Kiboko akasogeza sikio mpaka likagusa pazia. "Akiivuta, inakuwaje?"

"Weee! Mimi niko edani, shemeji. Nisiseme mengi."

"Niambie kidogo tu!"

"Astaghfirullahi. Nenda salama."

Kiboko akaondoka akicheka, kwi! kwi! kwi! "Kumbe nilikuwa nalamba tu, na chungu kizima kipo!"

Kesho yake, kabla ya saa nne, akaivuta saa yake mbele saa mbili nzima, ili ameze na zamu ya Bi Pimbi. Akajilaza mferejini, kinywa wazi.

Ti! ti! ti! "Kwako saa ngapi?" "Karibu saa nne." "Na kwako?" "Karibu saa nne." "Na kwa Kiboko?" "Karibu saa sita!"

Lo! Mzee Pimbi alizifunza hivi: anayepishana na wenzake zaidi ya nusu saa ni mgonjwa. Neno lake lisihesabiwe, wala asifunguliwe lango, mpaka akubaliane na majirani siku saba mfululizo.

Saa nne barabara, fyaaa! Maji yakamiminika kwa Bi Pimbi saa nzima, bila kupungua hata dakika. Watoto wakaruka ndani yake, chubwi! chubwi!

Saa tano ikafika. Kwa Kiboko, kimya. Hata tone.

"Lango limeharibika!" akanguruma. Mji mzima ukakimbilia kwake.

Bi Nungunungu akachungulia kompyuta yake. "Jamani! Kwetu saa tano, kwa bwana huyu saa saba! Mwenzetu ameshakula cha mchana?"

Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kiboko akainamisha kichwa, akairudisha saa yake mbele ya macho yao, na siku saba akanywa kwa kuomba kata ya maji kwa majirani.

Vigelegele vikapigwa chini ya dirisha la mjane. Yeye, nyuma ya pazia, akasema tu, "Alhamdulillahi."

Mwongo mmoja huwavuta wengi akivuta kidogo. Akizidisha, hujitenga mwenyewe.

Naye Mzee Pimbi, Mwenyezi Mungu amrehemu, ampanulie kaburi lake, alitie nuru, na amnyweshe maji ya peponi. Amin.