Ndiyo Haiazimwi

Ndiyo haiazimwi. Juzi mlimsikia yule mama wa sokoni alipoulizwa kama jirani yake atakubali kusogeza kibanda. Akasema kamuulizeni mwenyewe, ndiyo haiazimwi. Mkacheka, halafu mkaniuliza ni msemo wa wahenga gani. Hakuna mhenga hapo. Msemo huu haujafikisha hata miaka mitatu, na aliyeusema kwanza yuko hai, bado analima maharage yake kule kwetu milimani. Sijui umefikaje mpaka huku. Ila ulikoanzia nakujua, maana na mimi nimo, na nimo upande mbaya. Ulianza hivi.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nipo nyumbani nasubiri matokeo. Matokeo yakatoka, na mimi nikabaki nyumbani. Mnaijua ile hali. Unaamka, unakunywa uji, unakaa, unasimama, unakaa tena. Kaka yangu alikuwa ameniachia kompyuta iliyopasuka kioo, nikaanza kujifundisha kutengeneza aplikesheni za simu. Nikasema nitengeneze moja ya mtaa wetu, watu waone kwamba Longino hakai tu.

Kwetu kuna chama cha kuzikana. Katibu wake ni Mzee Osmundi, ana duka la kuchaji simu. Mtu akifa, kazi ngumu siyo jeneza. Kazi ni kujua nani anangojwa, kwa sababu kule hatuziki mpaka wa kungojwa wafike: mtoto aliyeko Tunduru, mjomba aliyeko Mbeya. Mzee Osmundi alikuwa anauliza nyumba kwa nyumba, na mara mbili tulizika, kesho yake mtoto wa marehemu akashuka kwenye basi. Yule wa pili alikaa kaburini siku nzima, hali, hasemi. Nikaona hiki ndicho kitu cha kutengeneza.

Ilivyokuwa inafanya kazi ni rahisi. Angalieni simu za wazazi wenu. Hakuna anayeandika jina tupu. Wanaandika Mjomba Luka Mbeya, Shemeji Tunduru, Mwanangu Fabiola Dar. Basi aplikesheni yangu ilikuwa inasoma majina yaliyomo kwenye simu, inachambua nani ni ndugu na yuko wapi, inatunza. Siku ya msiba katibu anabonyeza mara moja tu, wanachama wote wanapata tangazo: amefariki fulani, wanaongojwa ni hawa, wako hapa na hapa, namba zao hizi. Nilijiona nina akili sana.

Nikaipeleka kwenye lile duka la mtandaoni watu wanakopakua aplikesheni. Wakaikataa. Wakaandika kwamba inachukua namba za watu na haisemi inazipeleka wapi. Nikatafuta maelezo ya faragha ya aplikesheni nyingine, nikanakili yote, nikabandika. Wakaikataa tena. Wakasema maelezo yako yanahusu kumpelekea mteja viatu nyumbani, na aplikesheni yako ni ya misiba. Hapo hata mimi nilicheka. Mara ya tatu wakaandika kwa kirefu, kwamba kabla sijagusa hata jina moja, mwenye simu mwenyewe aelezwe, aulizwe, awe na pa kukataa, na akikataa asinyimwe huduma. Mwenye simu mwenyewe. Hilo neno walilirudia.

Nilikasirika mpaka nikashindwa kula. Nikaenda kumsomea Mzee Osmundi.

"Hao wanakaa wapi?" akauliza.

"Mbali, mzee. Ng'ambo huko."

"Wana chama cha kuzikana?"

"Sidhani."

"Basi waandikie wanachotaka kusoma, tuendelee na kazi."

Nikaweka ukurasa mzuri wa maelezo na vitufe viwili, Nakubali na Sikubali, ukubwa sawa. Wakaipitisha. Siku hiyo nilitembea mtaani kama bwana harusi.

Ila watu hawakubonyeza. Wiki mbili, wanachama tisa kati ya sitini na tatu. Wazee walikuwa wakiuona ule ukurasa wanaogopa wameharibu kitu, wanazima simu. Jumapili baada ya misa, kwenye mkutano, Mzee Osmundi akasimama akasema, "Leteni simu hapa mbele. Longino atawabonyezea." Wakaleta, wengine wananitania. Bibi mmoja akasema, "Ukimaliza niongezee sauti, wajukuu wameipunguza." Nikabonyeza Nakubali, Nakubali, Nakubali, mpaka kidole kikauma. Hakuna hata mmoja niliyemsomea.

Wa mwisho akabaki Mama Eusebia. Hakuja, kwa sababu mumewe, Mzee Kaspari, alikuwa kitandani anaumwa, mwezi wa tatu sasa. Na hapa lazima niwaeleze jambo lake. Binti yao, Gaudensia, aliolewa na mtu wa mtaa uleule, Batista. Batista alimvunja mkono. Ulipopona akamchoma na pasi ya mkaa. Gaudensia akatoroka, na Batista akawa anatangaza kilabuni kwamba atampata tu, hata ipite miaka kumi. Kila mtu alimuuliza Mama Eusebia binti yuko wapi, naye akajibu hajui. Kwa padri hajui. Kwa dada zake hajui. Miaka miwili yule mama alikuwa na kitu kimoja tu cha kulinda hapa duniani, ni mahali alipo mwanawe. Na kwenye simu, kwa kuwa ni mama kama mama wengine, alikuwa ameandika Mwanangu Gaude Ifakara.

Simu hiyo ilikuwa dukani kwa katibu, inachajiwa. Mzee Osmundi akaichomoa akanipa.

"Mwenyewe hayupo," nikasema.

"Eusebia ni mwanachama tangu siku ya kwanza. Atakataa nini? Mimi namsemea."

Nikabonyeza. Haikuchukua hata muda wa kupiga chafya.

Mzee Kaspari akafariki Alhamisi ya wiki iliyofuata, asubuhi. Mzee Osmundi akabonyeza tangazo lake, na simu zikaanza kulia mtaa mzima. Amefariki Kaspari. Anayengojwa: Mwanangu Gaude, Ifakara, na namba. Batista naye alikuwa mwanachama.

Mimi nilikuwa msibani tunafunga turubai. Saa sita hivi Batista akaingia, shati safi, akaenda moja kwa moja kwa Mama Eusebia aliyekuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake wenzake. Akachuchumaa mbele yake, kwa adabu kabisa.

"Pole sana, mama. Mzee ametutoka."

"Nimeshapoa, baba."

"Usihangaike na mambo ya usafiri. Nimeshampigia mwenzangu. Nimemwambia nitampokea mwenyewe stendi."

"Mwenzako nani?"

"Gaude. Yuko Ifakara, si mmemwandika wenyewe?" Akamwonyesha simu.

Wale wanawake walikuwa wakiimba, wakanyamaza mmoja mmoja. Mama Eusebia alisoma lile tangazo taratibu, midomo inacheza kama mtoto wa darasa la kwanza. Batista akainuka akaenda kukaa na wanaume, akapewa chai. Maana ndivyo ilivyo, msibani hafukuzwi mtu.

Ndipo simu ya mama ikalia. Alikuwa Gaude. Sauti yake ilisikika mpaka nilipokuwa nimesimama. "Mama, umempa yeye namba?" Mama akasema, "Mwanangu, nisikilize." Ikakatika. Akapiga. Haipatikani. Akapiga tena na tena, dada yake akamshika mkono, akautoa mkono wa dada yake akapiga.

Kisha akaniita. Nikaja na Mzee Osmundi nyuma yangu.

"Longino. Nani alikuambia uchukue namba ya mwanangu?"

"Mama, ilikuwa ni ya wote. Kuna mahali pa kukubali, tuliwabonyezea."

"Mimi nilikubali?"

Mzee Osmundi akaingilia, "Eusebia, ni mimi. Ulikuwa na mgonjwa, nikaona nikusemee. Nilijua usingekataa."

"Ningekataa." Hakupandisha sauti. "Osmundi, sufuria yangu umeiazima mara ngapi? Jembe? Hata hivi viti vilivyokaliwa hapa, vyangu vimo. Siku sipo unaingia unachukua, sisemi kitu. Lakini ndiyo yangu nilikuazima lini? Ndiyo haiazimwi. Ukiichukua bila mimi, siyo ndiyo tena."

Mzee Osmundi akavua kofia, akabaki ameishika.

Tuliahirisha mazishi kwa siku moja. Basi la Ijumaa lilipofika, nilikwenda stendi, na Batista alikuwepo, ameegemea nguzo. Gaude hakushuka. Basi la Jumamosi pia hakushuka. Padri akasema mwili hausubiri zaidi. Tukamzika Mzee Kaspari, mtoto wake wa pekee hayupo, na mama yake hakujua ashukuru au alie kwa kuwa hakuja. Nilimsikia akimnong'oneza dada yake, "Bora hakuja." Halafu akalia.

Niliifuta ile aplikesheni siku hiyohiyo. Haikusaidia kitu, namba ilishakwenda. Baadaye nikasafiri hadi Ifakara, nikauliza siku mbili mpaka nikapata chumba alichokuwa amepanga. Mwenye nyumba alisema aliondoka na begi moja mchana wa Alhamisi, hakuaga. Niliporudi kumweleza Mama Eusebia, alitikisa kichwa. "Afadhali hukumkuta. Ungemkuta wewe, na Batista angemkuta." Mpaka leo hajui mwanawe yuko wapi. Ile "sijui" aliyokuwa anawajibu watu kwa uongo, sasa ni ya kweli.

Watu wa mtaani walioyasikia yale maneno pale mkekani wakaanza kuyatumia. Mtu akimjibia mwenzake kwenye mkutano, anaambiwa. Mume akimkubalia mkewe jambo bila kumuuliza, anaambiwa. Siku hizi watu wanayasema na kucheka, kama nyinyi juzi.

Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani, nikamkuta Mama Eusebia anapukuchua maharage uani. Nikamsalimia, nikamwomba ruhusa niwe nawasimulia vijana msemo ulikotoka, hasa wanaojifunza kazi hizi za simu.

"Ya kwangu simulia," akasema. "Ya Osmundi kamuulize Osmundi. Ya mwanangu mimi sina."

Mzee Osmundi nilimuuliza, akasema simulia, na jina langu litaje. Kwa hiyo yeye nimemtaja. Lakini yule binti haitwi Gaudensia, na alikokuwa siyo Ifakara. Ningemuuliza mwenyewe kama anakubali, ila hakuna anayejua pa kumuulizia, na siwezi kumjibia. Ndiyo haiazimwi.