Kipandio cha Nne na Nyuzi za Machano

Hapo zamani, katika mji wa Shungi, alikuwako sultani jina lake Shadhili, aliyependa usawa kuliko alivyopenda halua. Si usawa wa watu, la. Huo hakupata kuuwaza. Alipenda usawa wa vitu. Ndizi za mezani pake zilikatwa ncha zipate kulingana, na jogoo mmoja wa ikulu alipunguzwa mkia kwa kuwa ulizidi wa mwenziwe. Basi siku moja Sultani akajikwaa katika ngazi ya bohari, ikawa hasira, ikawa amri. Mpiga mbiu akatangaza:

"Kila kipandacho na kipande kwa hatua sawa, kiwe cha tajiri au cha maskini, cha nje au cha ndani! Aonaye hatua fupi ailinganishe papo hapo, asingoje ruhusa! Kisicholingana ni kuni za jiko la ikulu!"

Waziri Nasibu akapita mji mzima na kijiti cha kupimia. Ngazi ya Bi Mwatime, kizee aliyefupishiwa vipandio na mjukuu wake apate kufikia tundu la kuku, ikachukuliwa kuni. Mayai yakabaki juu, Bi Mwatime akabaki chini, na Waziri akaandika kwamba haki imetendeka.

Katika mji huo alikuwamo fukara mmoja, Machano, ambaye watu walimwita punguani kwa sababu kila aulizwapo jambo hujibu lile lile aliloulizwa. Mali yake ilikuwa gitaa moja. Kila alasiri hukaa barazani akalipiga, na kina mama wa mtaa huja na wachanga wao wasiokubali kulala. Hawakuwa na cha kumlipa. Huyu huacha muhogo, yule bakuli la uji, na mwingine humfulia mkewe Mize mawinda ya mtoto bila kuambiwa. Ndivyo nyumba ile ilivyokula, na ndivyo mtoto wao Zuwena alivyolala.

Basi alasiri moja Waziri akapita pale, akamkuta Machano analinganisha nyuzi zake sita. Shingo ya gitaa imekatwa kwa vijiti vya shaba, na kila nafasi baina ya vijiti ni kituo. Machano alibonyeza uzi mnene kabisa katika kituo cha tano, akaukaza uzi wa pili yake hadi sauti zikawa moja. Akaenda hivyo, uzi kwa uzi, kutoka mnene hadi mwembamba, na Waziri akihesabu kwa kijiti chake.

"Tano. Tano. Tano. Nne! Simama hapo! Mbona hapa nne?"

"Kwa kuwa si tano, bwana."

"Na baada yake?"

"Tano tena."

"Ala! Hatua tano zapanda, na ya nne ni fupi! Kituo kimoja umekila wapi?"

"Wallahi, bwana Waziri, tangu asubuhi sijala kitu. Ningekula kituo, ningeshiba."

Kina mama wakacheka ndani ya kanga zao, na Waziri akamburuta Machano hadi barazani kwa Sultani.

Ada ya ikulu ile ilikuwa hii: mawaziri husimama, bali maskini huweka paji la uso juu ya zulia mpaka aambiwe inuka, na aghalabu husahauliwa. Machano akasahauliwa kitambo kirefu. Ikawa jicho lake limelingana na ngazi ya kiti cha enzi, nayo ina vipandio vitano. Akaviangalia, maana hapakuwa na kingine cha kuangalia. Cha kwanza, cha pili na cha tatu vilikwenda sawa. Cha nne kilikuwa kifupi kidogo kuliko wenziwe, na kimefunikwa zulia kwa ustadi.

"Inuka," akasema Sultani. "Kesho kutwa utaleta gitaa hilo, hatua zote zikiwa tano, na upige wimbo ule ule wa watoto bila kuharibika. Ukishindwa, gitaa ni kuni."

"Hewallah, bwana wangu. Ila mimi mjinga. Hiyo amri yasema cha nje na cha ndani?"

"Cha nje na cha ndani," akajibu Waziri. "Unataka uchorewe?"

Machano akarudi nyumbani, akakaza nyuzi kwa tano tupu. Uzi wa kwanza na wa mwisho, ambao siku zote huimba sauti moja kama mama na bintiye, mmoja mnene na mmoja mwembamba, sasa wakagombana. Alipolaza kidole cha shahada juu ya nyuzi zote sita, vidole vingine havikufika vinapotakiwa. Zuwena akaangua kilio.

"Baba Zuwena," akasema Mize, "mtoto anakuuliza umemfanyia nini."

"Nimemfanyia haki, mama Zuwena."

"Basi mrudishie dhuluma yake alale."

Wakacheka, kisha Mize akalifuta gitaa vumbi kwa upindo wa kanga yake, polepole, kama afutaye uso wa mgonjwa. Machano alipoona hivyo akatoka, akaenda kwa Fundi Kheri, seremala mzee aliyejenga ngazi ya enzi, akamwuliza juu ya kipandio cha nne.

Fundi akatazama huku na huku. "Mwanangu, siku ya kutawazwa nilimwona Sultani. Alipofika cha nne alishika goti, uso ukamgeuka, naye hakutaka watu wajue. Nikarudi kesho yake nikakipunguza."

"Alikwambia nini?"

"Hakujua. Alipanda tu. Nami nikafurahi kumwona anapanda."

Siku ilipowadia, baraza ikajaa. Sultani alikuwa hajatoka chumbani, na Machano alikuwa amekaa na gitaa lake, na Fundi Kheri kando yake na ubao kwapani.

"Bwana Waziri," akasema Machano, "gitaa limelingana. Lakini humu ndani nimeona ngazi nyingine, nayo pia ya nne ni fupi."

"Iko wapi?"

"Hiyo ya kiti cha enzi."

Waziri akapima, akapima tena, jasho likamtoka. Kuacha ni kuvunja amri, na watu wote wanatazama. Akanguruma, "Ilinganishwe papo hapo!" Fundi akaingiza ubao chini ya zulia, akagonga misumari miwili.

Sultani akaingia, akapanda. Kimoja. Viwili. Vitatu. Alipoinua mguu kwenda cha nne, goti likakataa. Akabaki na mguu mmoja hewani, wala hakuna aliyeruhusiwa kumgusa. Mawaziri walipoona hivyo, wote wakainua mguu mmoja mmoja kwa heshima, na baraza nzima ikasimama kama korongo.

"Nani kagusa ngazi yangu?"

"Amri yako, bwana wangu," akasema Machano. "Ilikuwa na hatua fupi. Sasa ni haki tupu. Nipige wimbo?"

Hakungoja jibu, akapiga. Lo! Ilikuwa kama paka wawili ndani ya gunia. "Usawa mtamu ulioje!" akasema Waziri, akiyumba kwa mguu mmoja.

"Nyamaza!" akasema Sultani. Uso ulikuwa umemgeuka, kama siku ile. Basi Machano akaweka gitaa chini, akapiga magoti, akang'oa ubao kwa mikono yake. Sultani akapanda cha nne, akapanda cha tano, akaketi, akapumua.

"Miaka kumi na miwili napanda," akasema taratibu, "nikidhani goti langu limepona. Nani alifupisha?"

Fundi Kheri akajitokeza. "Mimi, bwana wangu. Niliona goti."

Machano akalegeza nyuzi mbili nyembamba, kila moja kituo kimoja. "Na huyu wa zamani aliyefupisha hatua ya nne ya gitaa, bwana wangu, simjui jina. Lakini aliona mkono."

Akapiga wimbo wa watoto. Mawaziri wakashusha miguu mmoja baada ya mwingine, na mlinzi mmoja wa mlangoni akasinzia juu ya mkuki wake. Sultani akamtazama yule mlinzi, akawatazama mawaziri wake, kisha akacheka mpaka kilemba kikamwinamia.

Amri ikafutwa siku ile. Fundi Kheri akapewa shamba, na Machano akapewa ng'ombe wa maziwa na ruhusa ya kutoinamisha kichwa. Ruhusa hiyo aliikataa, akasema chini kule huonekana mengi. Bi Mwatime akachongewa ngazi mpya yenye vipandio vifupi, na Waziri Nasibu mwenyewe akaamriwa kuipanda kila asubuhi, akamteremshie mayai. Kijiti chake cha kupimia kilikwenda jikoni, kikachemsha uji.

Tangu hapo mpigaji akilinganisha gitaa huhesabu tano, tano, tano, kisha hurudi nyuma kituo kimoja, kisha tano. Wasiojua husema ni kosa. Wanaojua hupiga, watoto wakalala. Nami niliyesimulia naishia hapa, maana wangu naye amesinzia.